Kufika Nitafika: Papa Marcellin na Neno Alilolibeba

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Lile swali lililochekesha darasa letu zima Ijumaa moja ya Kwaresima mwaka huu, la kwamba binadamu anaweza kufa mara mbili au hawezi, halikuwa langu. Mimi niliinua mkono tu. Mwenye swali ni Papa Marcellin Nzabandora, planton, yaani tarishi, wa misheni yetu, ambaye leo, Jumamosi tarehe 28 Juni 1958, anastaafu baada ya kutumikia miaka kumi na saba.

Nilikwenda kwake kumwomba ruhusa kabla ya kuliandika. Alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba, akaegemea jembe lake. "Andika tu, Isidore," aliniambia. "Miguu yangu wameisha kuiona. Waone na moyo."

Basi nimeandika. Mwalimu Mkuu alinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, si kwa sababu nyingine. Nikisimama mbele ya watu sauti yangu hujificha, kwa hiyo anayewasomea ni rafiki yangu Nestor, ambaye ameahidi kutoongeza maneno yake mwenyewe.

Papa Marcellin alizaliwa Karuba, katika familia ya wakulima wa maharagwe ambayo wazee wake wamezikwa kwenye kilima kilekile wanacholima. Misheni ilimwandika kazi mwaka 1941, wakati kanisa lilipokuwa likijengwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba matofali. Haikudumu. Siku moja ya mvua kubwa ilihitajika dawa kutoka hospitali ya Kirotshe, kule chini kwenye ziwa, na mtu aliyekuwa akitumwa siku zote alitazama mawingu akakataa. Marcellin aliweka tofali lake chini, akasema, "Kufika nitafika." Akaenda, akafika, akarudi, dawa ikiwa kavu ndani ya shati na yeye mwenyewe akitiririka maji kama paa la majani. Kuanzia hapo hakurudishwa kwenye matofali.

Maneno yale mawili yakawa kama jina lake la pili. Daraja limechukuliwa na maji? Kufika nitafika. Barabara ya Walikale imekuwa tope mpaka magotini? Kufika nitafika. Watoto wa shule ya chini wakicheza, mmoja huvaa mfuko begani na kupita mbele ya wenzake akisema hivyo kwa sauti nzito, na wote wanajua anamwigiza nani.

Njia yake ilikuwa ndefu. Upande mmoja ilishuka mpaka Kirotshe; upande mwingine ilipanda na kushuka milima ya Masisi, ikaingia msituni, ikaishia Kashebere, ndani ya Walikale. Alibeba barua, dawa, vitabu vya shule, mbegu, hostia zilizofungwa kwa kitambaa. Safari moja Mama Valérie wa Kashebere alimpa kuku jike ampelekee dada yake Karuba. Njiani kuku akataga ndani ya mfuko wa barua. Papa Marcellin alimkabidhi dada huyo kuku, lakini yai akalirudisha Kashebere safari iliyofuata. Mama Valérie alimcheka sana. "Papa, si ungelikula tu!" Naye akajibu, "Yai ilizaliwa barabarani, Mama. Haina adresi. Nimeirudisha kwa bibi yake."

Mwaka 1952 misheni ilimpa baiskeli. Aliishukuru sana, akaipaka mafuta, na akaendelea kutembea. Kupanda mlima aliisukuma kwa sababu ni nzito; kushuka aliishika kwa sababu hakuamini breki. Alipoulizwa faida yake ni nini, alisema, "Hii baiskeli iko rafiki. Safari ya peke yako iko mubaya."

Lakini mzigo uliomfanya ajulikane hauingii katika mfuko. Mtu wa milima hii akifariki hospitalini, au mbali na kwao, Papa Marcellin ndiye aliyetumwa kuwaambia wa nyumbani. Katika Kinyarwanda chetu kitenzi kimoja, kubika, husemwa kwa jogoo anayewika na kwa mtu anayetangaza kifo. Ndiyo maana wazee wa Karuba walimwita Jogoo wa Misheni. Hakukasirika. Alisema jogoo anawika usiku ukiisha, siyo ukianza.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyemfundisha. Akiwa na barua ya kawaida, kofia ilikaa kichwani na mluzi wake ulifika kabla yake. Akiwa na habari ya kifo, aliacha mluzi, na kwenye kona ya mwisho, pale ambapo nyumba inaanza kuonekana, alivua kofia akaishika kifuani. Kwa hiyo watu walijua kabla hajafungua mdomo. "Muntu asikie na macho kwanza," alituambia. "Masikio itafuata." Kisha aliketi pamoja nao chini, akasema, "Ameitika," maana kwetu mtu wa heshima hasemwi kwamba amekufa, Mungu amemwita naye ameitika. Hakuondoka mpaka mtu mmoja wa nyumba ile amelia. Akisikia kimya tu, alibaki.

Sasa nitasema yaliyompata yeye.

Mwaka 1949, wakati wa kupalilia maharagwe, alikuwa akirudi kutoka Kashebere. Njiani aliwasalimu watu kama kawaida yake: "Kuna neno?" Nao wakamjibu kama kawaida yetu: "Hakuna neno, Papa." Aliona kwamba wengine wanaangalia miguu yao. Aliona watoto waliozoea kumkimbilia wakijificha nyuma ya migomba. Akaendelea. Nani angemtangazia mtangazaji? Alifika nyumbani kwake kofia kichwani, akipiga mluzi, akakuta uani wanawake wameketi chini. Shemeji yake, Mama Dancille, alisimama, akamfuata, na bila neno lolote akamvua kofia kwa mkono wake.

Mke wake, Mama Drocella, alikuwa ameanguka shambani asubuhi ya jana yake. Alikuwa mzima, akiimba, jembe mkononi; kisha hakuwa mzima. Padri alikuwa mbali. Hakupata sakramenti ya mwisho.

Siku ya maziko kulikuwa na katekista mmoja mgeni, ambaye baadaye alihamia sehemu nyingine. Akataka kuwafundisha watu. Alisimulia jinsi Mungu alivyomwonya mtu wa kwanza kuhusu lile tunda, na maneno ya onyo akayatafsiri kwa mdomo wake: kufa utakufa. "Mumesikia?" akauliza. "Kufa, utakufa. Mara mbili! Ya kwanza iko ya mwili. Ya pili iko ya ule anaenda bila sakramenti." Nadhani alitaka kuwahimiza walio hai waende kuungama. Lakini mume wa marehemu alikuwa amesimama pale pale, udongo mikononi.

Papa Marcellin hakumuuliza mtu. Aliendelea na kazi yake, akapiga mluzi wake, akamlea binti yake Mukasine, akacheka nasi. Kwa miaka tisa aliwapelekea wengine habari za vifo akiwa na wasiwasi kwamba Drocella wake amekufa mara mbili.

Mwezi wa tatu mwaka huu alinikuta kwenye kijia cha shule. Nilikuwa natembea nikisoma, kama ilivyo tabia yangu mbaya, na nusura nimgonge. Akanieleza haya yote, akiangalia ng'ambo ya bonde. Alikuwa amesikia kwamba Padri Léopold anatufundisha maneno ya Kiebrania, lugha ambayo onyo lile liliandikwa kwanza. "Uliza mule darasani," akasema, "lakini jina langu usitaje. Miguu itaniisha siku si nyingi. Sitaki kubakia nyumbani na hii neno tu, mimi nayo, mchana kutwa." Nikasema ndiyo. Halafu nikakosa usingizi, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuinua mkono darasani tangu niingie shule hii.

Wote mnamjua Padri Léopold, na leo ameketi mstari wa mbele, atanisahihisha nikikosea. Kila Ijumaa ya Kwaresima, saa ya mwisho kabla ya mapumziko, alitupa neno moja la Kiebrania kama vile mtu anavyowapa watoto ndizi moja moja. Ijumaa ile alisema neno la leo ni kifo, na akaandika ubaoni, kwa herufi zetu: mot tamut.

Nestor, ambaye Kifaransa chake kina mbio, hakungoja.

"Padri, iko kosa! Mot ndio neno!"

"Neno gani?"

"Neno, Padri! Un mot. Umeandika 'neno'. Neno, utakufa?"

Padri alitazama ubao, akatutazama, akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Alisema amesoma Kiebrania tangu ujana wake na hajawahi kuona kwamba herufi zile tatu, kwa Mfaransa, ni "neno", na kwa Mwebrania ni kufa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria ile njia ya kutoka Kashebere, na watu wakisema hakuna neno, hakuna neno, na neno lilikuwapo.

Kisha akatueleza, nami naandika nilivyoelewa. Kifo kikisimama peke yake, Waebrania husema mavet. Kikiegemea kingine, yaani kifo cha fulani, hufupishwa kuwa mot. Na kufa kwenyewe kunaweza kuandikwa vilevile, mot. Mzizi wa yote ni herufi tatu, mem, vav na tav. Nestor alitaka kujua herufi zenyewe zina maana gani. Padri akasema jina la kwanza linafanana na maji, la pili ni kulabu, la tatu ni alama. Nestor akaunganisha mara moja: "Maji, kulabu, alama: muntu alikuwa anavua samaki, akazama!" Padri akasema mchezo ni mzuri, lakini neno halijengwi hivyo. Jina la Marcellin, alisema, linaanza na M, lakini yeye si maji.

Hakujua kwa nini niliruka kwenye benchi liliposikika jina lile. Lilikuwa mfano tu.

Neno lile lina ndugu wengi. Watu wa Babeli walikuwa nalo, karibu sauti ileile. Waarabu wanalo: mawt. Hilo la Waarabu lilifika pwani, likaingia Kiswahili, likapanda pamoja na watu na mizigo mpaka kwetu, nasi tunaliimba kanisani bila kujua limetoka wapi: mauti. Padri alisema mauti si mtoto wa mavet, ni mtoto wa baba yake mdogo. Babu yao ni mmoja. Na huyo babu alimzaa nani kwanza, hakuna ajuaye. Neno hilo ni la zamani kuliko kuandika. Watu walikuwa wakilisema makaburini kabla mtu yeyote hajajua kulichora.

Majirani wa Waebrania upande wa kaskazini walimfanya Mot kuwa mungu, mwenye kinywa kipana, mdomo mmoja chini ardhini na mwingine juu mbinguni, akimeza kila kilicho hai. Lakini kwa Waebrania mavet hakupewa kiti cha mungu. Na nabii wao mmoja akasema siku itakuja ambapo Mungu ndiye atakayeimeza mauti. Padri alilipenda hilo. "Mwenye kinywa kikubwa," akasema, "anamezwa yeye."

Saa ilikuwa inakaribia kwisha. Nikainua mkono. Nadhani Padri alifikiri nataka kutoka nje, maana alisema, "Nenda, Isidore." Nikabaki nimesimama.

"Padri, kama neno limesemwa mara mbili, mot tamut, kufa utakufa, ina maana muntu anakufa mara mbili?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. "Weye mara moja haikutoshi?" Nestor akauliza. "Unataka na ya kuongeza?" Mwingine nyuma akasema hata kwenye kifo Isidore anataka kurudia mtihani. Masikio yangu yaliwaka. Lakini sikukaa.

Padri hakucheka. Akauliza, "Mama yako akikuita ulete maji, nawe unasoma tu, anasema nini?"

"Anasema: kukuja utakuja!"

"Na wewe unakuja mara ngapi?"

"Mara moja, Padri."

"Mara moja tu?"

"Mara moja. Mbio."

"Basi," akasema. Akapiga mstari wa chaki chini ya maneno yale. "Waebrania wanafanya kama mama yako. Wakitaka kusema jambo halina shaka, wanalirudia. Hawahesabu. Wanakaza. Mot tamut: hakika utakufa. Mara moja, kama watu wote." Akasema Wazungu wengi hupata shida kuelewa hapo kwa sababu lugha zao hazisemi hivyo, lakini sisi tulizaliwa tukisema.

Kengele ikalia. Mimi nilikuwa bado nimesimama, kwa sababu sikuwa nimesikia mama yangu peke yake katika jibu lile. Nilikuwa nimesikia, kwa sauti nzito, mfuko begani, daraja limechukuliwa na maji: kufika nitafika. Miaka yote ile, jibu alikuwa akilitembeza mdomoni.

Niliteremka mbio mpaka ghala, ambako alikuwa anafunga barua za Kashebere. Aliniona nakimbia, mimi ambaye sikimbii, akavua kofia.

"Nani?" akauliza.

"Hapana, Papa. Hakuna neno. Kweli kabisa, hakuna neno."

Nikamwambia yote kwa haraka, mavet na mauti na mama yangu na maji. Hakuonekana kuelewa. Ikabidi nivute pumzi. Nikamuuliza, "Papa, ukisema kufika nitafika, unafika mara ngapi?"

Akafikiri kama mtu anayeulizwa swali la mtego. "Mara moja."

"Ndio vile. Kufa utakufa, ndio vile vile. Ni neno lenyewe linasema hivyo. Mama Drocella ameitika mara moja tu."

Alishika kofia kwa mikono yote miwili, akaizungusha polepole kwenye ukingo. Aliniuliza kama Padri mwenyewe ndiye aliyesema. Nikasema ndiyo, mbele ya darasa zima. Akauliza kama Nestor alisikia. Nikasema alisikia na alicheka. "Basi iko kweli," akasema, "ule akicheka hasahau." Halafu akavaa kofia. Mfuko begani, baiskeli mkononi, akashika njia ya Kashebere, na kabla hajapita kona nikasikia mluzi. Mkiuliza watu wa njia ile, watawaambia kwamba tangu Kwaresima Papa Marcellin anapiga mluzi hata mlimani, ambako zamani alihifadhi pumzi.

Papa Marcellin, misheni inakushukuru kwa barua zote, kwa dawa zilizofika kavu, kwa kuku na yai lake. Familia za Masisi na Walikale zinakushukuru kwa kofia uliyoivua kwenye kona, na kwa kuketi chini pamoja nao. Mukasine anasema maharagwe ya mwaka huu yanakungoja, na kwamba baiskeli sasa itaegemezwa ukutani kuku walale juu yake. Tunakuombea nyumba yenye moto, mvua za wakati wake, wajukuu wa kuwafundisha mluzi, na mtu wa kukujibu ukweli kila utakapouliza kama kuna neno. Uishi vyema, Papa. Kupumzika utapumzika.

Nami Ijumaa ile nilirudi darasani. Zamu ya kufuta ubao ilikuwa yangu, na yale maneno mawili ya Padri yalikuwa bado pale, na mstari wake chini. Nikachukua kitambaa nikayafuta, nikakung'uta chaki dirishani. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshaingia. Akaniuliza nilikuwa wapi wakati wa mapumziko mpaka nitoke jasho namna ile. Nikasema nilipeleka habari. Akauliza habari gani. Nikasema njema. Nikaketi, nikafungua daftari la hesabu.